Uvimbe chini ya macho na juu ya mashavu

Dada, umesema uvimbe wa chini ya macho na juu ya mashavu unakuwa mkubwa asubuhi na kupungua mchana. Hiyo ni dalili ya maji kutuama, maana ukilala yanasambaa hadi usoni. Inua kichwa kwa mto wa pili, punguza chumvi, hasa usiku, na uweke kitambaa cha baridi dakika kama 10. Barafu usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Macho yakiwasha, shuku mzio. Ukiyasugua ndiyo unazidisha.

Vifuko vya chini ya macho visivyobadilika kutwa nzima ni kisa kingine: mara nyingi ni mafuta yaliyosogea mbele, na krimu haiyaondoi hata iwe ghali vipi. Kwa uvimbe wa juu ya shavu, usikimbilie sindano za kujaza uso (filler). Zile za asidi ya hayaluroniki, dutu inayotumika kujazia ngozi, huvuta maji, zinaweza kukuongezea uvimbe.

Ila kama miguu nayo imevimba au mkojo una povu jingi, kapime figo. Ukiwa na uchovu na kuhisi baridi sana, pima pia tezi ya shingo (thairoidi). Jicho moja likivimba, jekundu, lenye maumivu na homa, nenda hospitali leo leo.