Swali la lugha: DNA imeharibika au imeharibiwa?

Msomaji mmoja anaandaa kipeperushi cha afya kuhusu Huntington, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha ubongo, kaniandikia hivi: "Nimeandika 'uharibifu wa DNA husababisha upanuzi wa marudio katika magonjwa ya kurithi', mwenzangu anasema haieleweki. Tatizo liko wapi?"

Mwenzako yuko sahihi, na nalichukulia hili kwa uzito manake hicho kipeperushi kitasomwa na mtu ambaye mama yake anaumwa.

Tuanze na uharibifu. Tukisikia uharibifu wa mazingira au uharibifu wa mali, tunamtafuta aliyefanya. Ukisema imeharibiwa ni vilevile, kuna mkono wa mtu. Sasa DNA, yaani ule uzi wa maelekezo ya kurithi ulioandikwa kwa herufi A, C, G na T, kwenye seli za ubongo inapata kasoro kila siku bila mtu kuigusa, oksijeni hiyo hiyo inayotuweka hai inaigeuza herufi G moja inakuwa mbovu, basi. Kwa hiyo sema "DNA inapoharibika", kama maziwa yanavyoharibika. Hiyo -ika inamwondolea mgonjwa na wazazi wake lawama isiyo yao.

Upanuzi ndo linanisumbua zaidi. Tunapanua barabara, tunapanua chumba, yaani tunaongeza upana au nafasi. Kwenye jeni ya Huntington, iliyoko kromosomu namba 4 na kugunduliwa mwaka 1993, herufi CAG zinajirudia hivi, CAGCAGCAG, watu wengi marudio yao hayafiki 27, yakifika 40 na kuendelea ugonjwa huja kama mtu atajaaliwa umri mrefu. Hapo hakuna kilichopanuka, marudio yameongezeka na uzi umerefuka.

Nani anaurefusha? Seli ina vimeng'enya vya matengenezo, yaani protini zinazorekebisha DNA, kimoja kinaitwa OGG1, kinaing'oa ile G mbovu, uzi unakatwa upande mmoja, kipande kipya kinaanza kujazwa huku cha zamani kinasukumwa pembeni, na kwa vile CAG zinaweza kushikana zenyewe kwa zenyewe kile kipande kinajikunja kinakuwa kitanzi, halafu badala ya kukatwa kinashonewa humo humo, kama fundi aliyeacha uzi umelegea akapitisha cherehani juu yake. Marudio yameshaongezeka. Mwaka 2007 watafiti walionesha kwamba kwa panya waliokosa OGG1, marudio hayakuongezeka sana kama kwa wenzao. Kwa hiyo kwenye matengenezo tumia -refusha, hapo mtendaji yupo kweli na -sha inamstahili.

Halafu hilo husababisha. Mgonjwa kazaliwa na marudio mengi tayari, karithi kwa mzazi, kuharibika kwa DNA kunakuja kuongeza juu ya yale yaliyopo, hasa ubongoni, miaka nenda miaka rudi. Huko ni kuchangia. Ukiandika husababisha msomaji ataelewa kwamba mgonjwa hakurithi kitu.

"Magonjwa ya kurithi" liko sawa, usiliguse.

Mimi ningeandika hivi: "DNA inapoharibika, matengenezo ya seli yenyewe yanaweza kurefusha marudio ambayo mtu amerithi, na hilo huchangia ugonjwa kuanza mapema." Na CAG iache kwa herufi kubwa hivyo hivyo, sio neno la kutafsiri, kila herufi inasimamia kemikali yake.