Weka Limau Chini, Igeuze Hiyo Sarafu

Juzi msomaji ameniandikia: amenunua sarafu ya shaba ya Kirumi, imeshika kutu ya kijani, aisugue na nini? Ndugu yangu, weka limau chini kwanza.

Yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Nimekulia Tanga, na kila Idi ikikaribia mama alisugua masinia ya shaba kwa limau na majivu mpaka ukajiona uso. Nilipohamia Uingereza nikanunua kisarafu cha karne ya 4, nikakilaza usiku kucha kwenye limau na chumvi. Asubuhi kinang'aa kama kifungo kipya: kichwa cha mfalme hakuna, maandishi hakuna. Kumbe ile ngozi ya kijani ndiyo iliyobeba herufi, ukali wa limau ukaila. Chumvi nayo ikaacha maradhi yake. Miezi michache baadaye kikaanza kutoa unga wa kijani hafifu, na unyevu ukizidi, unga unazidi.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifundisha kutazama. Baadaye nilijitolea kwenye makumbusho moja, kazi yangu kuhamisha sarafu kutoka bahasha kuukuu. Nikakuta moja, lebo inasema Konstantino Mkuu, yule mfalme wa Kirumi. Upande wa uso unasomeka CONSTAN, kisha pamefutika. Wengi huishia hapo. Mimi nikaigeuza: askari anamchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka, pembeni FEL TEMP REPARATIO, yaani nyakati za neema zimerejea. (Vita na Waajemi haviishi, sarafu yenyewe imekonda, wao wanatangaza neema. Serikali ni zilezile.) Maneno hayo yalianza kupigwa kwenye sarafu mwaka 348. Konstantino alifariki 337!

Nikazima taa ya juu, nikawasha ya simu na kuilaza ubavuni. Vivuli vikaingia kwenye mikwaruzo, na baada ya CONSTAN zikaibuka T, I, V. Jina la Konstantino kwa Kilatini ni CONSTANTINVS, baada ya I ingefuata N; hii ni CONSTANTIVS. Ni mwana wa Konstantino, mfalme Constantius II. Chini ya miguu ya askari, AN: imepigwa Antiokia, mji wa Kirumi wa upande wa mashariki.

Nikaandika ukurasa mzima. Mkubwa wa kitengo akasema, "Ahsante, tutaangalia." Siku nyingine nafungua kumbukumbu zao, kila nilichoandika kimo, na penye "imetambuliwa na" pana jina lake yeye. Miaka imepita, bado inanikereketa.

Basi nisikilizeni, maana vijana mna haraka ya kung'arisha. Usisugue. Soma mgongo kabla ya uso, mwanga utoke ubavuni. Ukigundua kitu, weka jina lako na tarehe kabla karatasi haijatoka mkononi. Na usisugue, nimesema.

Kile kisarafu changu bado ninacho, kwenye kichupa pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Wewe uliyeniandikia, nitumie picha ya mgongo wa yako kabla hujaenda jikoni.