Kwa Wewe Unayetaka Kutafiti Jeni za ALS

Wanafunzi wa baiolojia huniuliza waanzie wapi ili nao waje kutafiti jeni za ALS, ugonjwa unaoua seli za neva zinazoendesha misuli hadi mgonjwa anashindwa kutembea, kumeza na mwishowe kupumua. Wengi hutaka kujua wajifunze mashine ipi. Mashine zitabadilika. Jifunze kwanza kuitazama data ghafi kwa macho yako mwenyewe.

Chukua jeni ya C9orf72. Kwa miaka kadhaa watafiti walijua kuna kitu kwenye kromosomu ya 9, maana familia nyingi zenye ALS zilielekeza huko. Wakapekua jeni za eneo hilo na kutoka mikono mitupu. Mwaka 2011 timu mbili zikakipata: herufi sita za vinasaba, GGGGCC, zinazojirudia. Wasio na ugonjwa kwa kawaida huwa na marudio yasiyofika 30. Wagonjwa wenye hitilafu hiyo huwa na mamia, hata maelfu. Usomaji wa kawaida wa vinasaba ulikuwa ukilipita eneo hilo bila kuliona. Kipimo kinacholibaini huchora kwenye skrini vilele vinavyoshuka taratibu, mithili ya meno ya msumeno.

Nyuma ya picha hiyo kuna mtu, na kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi hitilafu hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kuanza shahada ya uzamivu, omba ukae kliniki usikilize. Swali la wazazi karibu wote ni lile lile: "Na wanangu je?" Wapo ndugu wasiotaka kupimwa kabisa. Waheshimu, hata kama sampuli yao ingekufaa sana.

Subira nayo utaihitaji. Jeni ya SOD1 ilihusishwa na ALS mwaka 1993; dawa inayoilenga, tofersen, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, na inawahusu takriban asilimia 2 tu ya wagonjwa. Mimi nasema ni ushindi mkubwa.

Takwimu na uandishi wa programu unaweza kuanza leo, ukiwa Dodoma au Eldoret, kwa kompyuta ya kawaida. Tunakuhitaji kweli: data nyingi tulizonazo ni za watu wenye asili ya Ulaya, na jeni za wagonjwa wa Afrika hazijachunguzwa vya kutosha.

Ukipata usaili, muulize msimamizi wako mtarajiwa swali moja: wanafunzi wake ambao utafiti wao haukupata jeni yoyote, waliishia wapi? Akisitasita, tafuta maabara nyingine.