Mama anapigiwa simu kila siku, mbona bado mpweke?

Ndugu uliyeuliza, unasema mama yako ni mjane, watoto mnampigia kila siku, chakula na dawa hakosi, hospitali hawakuona ugonjwa, lakini amenyamaza na hataki kutoka. Sisi tumepitia hayo na baba baada ya mama kufariki, kwa hiyo nakujibu kwa tuliyoyaona.

Anza na masikio. Nasema kweli. Baba alipoanza kukwepa vikao vya familia, wote tulijua ni majonzi. Dada yangu ndiye aliyemwona anacheka watu wakicheka, halafu anageuza macho kutafuta kilichochekesha. Kwenye simu akawa wa "ndiyo, ndiyo, haya." Usikivu wa uzeeni hupungua kuanzia sauti nyembamba, zile za s, f na t, hivyo mzee anaisikia sauti yako vizuri tu ila maneno yanamponyoka, hasa watu wakiongea kwa pamoja au televisheni ikiwa imewashwa. Ukipiga kelele unazidi kumvuruga. Kaa mbele yake akuone mdomo, ongea taratibu, azungumze mtu mmoja mmoja. Baba alipimwa akapewa kifaa cha kusikia, akakifungia kwenye droo. Ilibidi akizoee kidogo kidogo, kwanza ndani ya nyumba palipotulia. Ripoti ya 2024 ya jopo la jarida la kitabibu la The Lancet inataja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau na yanayoweza kupunguzwa. Kupungua kwa usikivu limo, na kutengwa na watu limo. Kwa baba la kwanza ndilo lililozaa la pili.

Sasa hizo simu. Sikiliza mnachomwambia: umekula? umemeza dawa? mguu unaendeleaje? Hayo ni mahojiano ya daktari wa zamu. Mtu aliyelea watoto na kuendesha nyumba anageuzwa mgonjwa wa kuulizwa hali, na hakuna anayemhitaji kwa lolote.

Kwetu mambo yaligeuka pale kijana wa jirani alipomwomba baba, aliyekuwa seremala, amfundishe kupiga randa na kuunga mbao. Hatukupanga sisi. Baba akaanza kuamka mapema. Kijana asipotokea, mzee ananung'unika mpaka jioni, na mimi nilifurahia kweli kuyasikia yale manung'uniko, maana hunung'uniki kwa ajili ya mtu usiyemngoja.

Kuna wanaokushauri umhamishie kwako. Fikiri mara mbili. Mwaka 2010 mtafiti Julianne Holt-Lunstad na wenzake walijumlisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi, kwa asilimia 50 hivi. Kipimo kilichoonyesha tofauti ndogo kuliko vyote kilikuwa kile cha kuuliza tu kama mtu anaishi peke yake au na wengine. Kilichoonyesha tofauti kubwa kilipima mtu amejichanganya kiasi gani kwa njia mbalimbali: ndugu, marafiki, vikundi, majukumu. Ukimng'oa kwa majirani aliowazoea ukamweka kwenye nyumba ambayo nyote mnatoka asubuhi, umempa paa tu. Wala usimburute kwenye mikusanyiko mikubwa. Wazee wengi huridhika na watu wachache wa karibu, na hilo si dalili ya ugonjwa.

Ila kama hapati usingizi, hataki kula, amekonda au anazungumzia kufa, rudi hospitali useme wazi kwamba unahofia sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Wakati mwingine wanapima presha na sukari, basi. Sonona inatibika hata uzeeni, na wageni peke yao hawaiponyi.

Kwa wiki hii, mpeleke apimwe masikio. Halafu mtafutie jambo ambalo kweli umekwama nalo na yeye analijua, umwombe akusaidie. Lisiwe la kubuni, atakugundua mara moja.