Weusi chini ya picha

Swali: Napiga picha za harusi Bukavu. Nimenunua triga mbili za redio ili flashi ikae mbali na kamera. Mchana, sehemu ya chini ya picha inatoka nyeusi, na mara nyingine flashi haiwaki kabisa. – Msomaji, Kadutu

Jibu: Ndugu, weusi huo ni pazia la shata, kifuniko kinachofunguka na kufunga mbele ya kihisi, sehemu ya kamera inayopokea picha. Kamera nyingi hufunua kihisi chote kwa pamoja hadi 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ukizidisha kasi hiyo, pazia la pili, lile la kufunga, limeshaanza kufunika kihisi flashi inapowaka. Triga za bei nafuu huchelewesha ishara kidogo. Baki kwenye 1/160. Jua kali ulipunguze kwa ISO 100 (wepesi mdogo wa kihisi kwa mwanga) na f/16 (tundu dogo la lenzi), flashi nguvu kamili, mita 2 kutoka kwa maharusi. Mwavuli wa kulainisha mwanga wa flashi uache: unakula mwanga mwingi mno.

Flashi isipowaka, bonyeza kitufe cha majaribio kwenye triga ya juu ya kamera. Ikiwaka, kosa liko kwenye kamera: triga haijasukumwa mpaka mwisho, au umewasha shata ya kimya, ambayo mara nyingi huzima flashi. Isipowaka, hakikisha triga zote mbili ziko kwenye chaneli moja, kisha kagua betri. Zaidi ya yote, zima kwenye menyu ule usingizi wa flashi, yaani kujizima isipotumika kwa muda. Ndio unaowaangusha wengi katikati ya sherehe.