Dau lipunguziwe kasi

Wiki hii mmeuliza kama serikali idhibiti kamari ya michezo jinsi inavyodhibiti pombe na tumbaku, au imwachie mtu mzima fedha zake na akili zake. Nasema idhibiti, ila ianze na jambo ambalo sheria nyingi hulipita: kasi ya mchezo wenyewe.

Zamani aliyebeti aliandika mkeka wake akasubiri hadi kipenga cha mwisho, na katika kusubiri huko uchungu wa kupoteza ulipata muda wa kupoa. Leo simu humletea dau jipya mpira ukiwa bado unachezwa, nani atapata kona inayofuata, nani ataonyeshwa kadi, na aliyepoteza sasa hivi anaweza kuifukuzia hasara yake kabla ya mapumziko. Kufukuzia hasara ni mojawapo ya dalili za uraibu wa kamari, ambao mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani uliuweka mwaka 2013 katika fungu moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Kwa hiyo onyo la “cheza kwa kiasi” (ambalo mara nyingi hutolewa na yule yule anayefaidika mtu akizidisha) linamdai mgonjwa kile hasa alichonyang’anywa na ugonjwa.

Uingereza ilipiga marufuku kuchezea kamari kadi ya mkopo kuanzia Aprili 2020, hatua nzuri, ingawa haigusi kasi. Australia ndiyo iliyoigusa: kwa sheria yake ya mwaka 2001, mechi ikishaanza hairuhusiwi kuibetia kwa intaneti, na anayetaka hana budi apige simu azungumze na mtu au aende mwenyewe dukani. Kampuni zikabuni kitufe cha kuigiza simu ndani ya programu zao. Mwaka 2017 bunge likaiziba njia hiyo.

Wapo watakaokimbilia tovuti zisizo na leseni, sikatai, lakini usumbufu huo wenyewe huwapunguza. Ningependa masharti ya leseni yaandikwe na wizara ya afya pamoja na ile ya fedha, kwa kuwa sehemu kubwa ya mapato ya kampuni hizi hutoka kwa wachache wanaopoteza sana, na kodi inayotozwa hapo imetoka katika mifuko hiyo hiyo.