Usimuulize mchokoa pweza maana ya utalii endelevu

Mie nimepeleka wageni kuangalia pomboo Kizimkazi, kusini mwa Unguja, miaka mingi, nilianza kwa kushika nanga na kugawa miwani ya kuogelea mpaka nikakabidhiwa boti, na semina za utalii endelevu nimekaa nyingi tu (posho nimekula, sikatai). Swali la mwanzo siku zote ni hilohilo, "utalii endelevu ni nini?", ukumbi kimya, kila mtu anaangalia chupa yake ya maji, mwisho ripoti inaandikwa jamii haina uelewa.

Sasa siku moja wakati wa chai namsikia bibi mmoja mchokoa pweza anamwambia mwenzake, sisi mwamba tunaufunga miezi mitatu pweza wakue, hawa wa boti mbona hawafungi? Nikasema hee, si ndo jibu hilo, kutumia bahari bila kuimaliza, ila ukumbini hajaulizwa.

Kwahiyo ukija kijijini na dodoso lako uliza vitu vyenyewe. Hoteli ikijengwa pale kina mama watapita wapi kwenda kwenye mwani? Mgeni akilipa ada ya hifadhi, shehia (uongozi wa kijiji) inapata nini? Utajibiwa mpaka uchoke.

Na usidhani watu wa boti hatujui. Wazee wetu walikuwa wanawavua pomboo kufanya chambo cha papa, miaka ya 90 wageni walivoanza kuja ndo ikaonekana akiwa hai analipa zaidi, na Ghuba ya Menai, bahari yetu hii, imekuwa hifadhi tangu 1997. Lakini njoo asubuhi uone, boti kumi zimezunguka kundi moja lina mtoto, nahodha anatia moto mashine awakate mbele, "ruka ruka!", mgeni anaruka pomboo washazama. Nimefanya sana hivo, nikijua kabisa ni makosa, kwasababu boti si yangu, mafuta ya mkopo, papasi (dalali wa watalii) aliyemleta mgeni kashachukua chake mjini, na mgeni asipoogelea na pomboo tipu hamna. Semina gani itaondoa hiyo?

Vijana wenzangu kilichonisaidia ni kuongea na mgeni pwani kabla hajapanda, maana akishavaa miwani hakusikii tena. Namwambia tutazima mashine mbali, tutakaa ubavuni, wakitaka watakuja wenyewe. Wapo walionuna wakadai pesa zao, ila siku pomboo wanapopita chini ya boti taratibu na mtoto wao hakuna anayekumbuka kuruka.

La pesa ndo gumu. Sisi tulianza na karatasi moja ukutani dukani, boti ngapi zimetoka wiki hii, kijiji kimeingiza ngapi, zimekwenda wapi. Wiki ya kwanza watu walijazana kuisoma kama matokeo ya mpira. Wiki ya tatu ikachanwa usiku, tukabandika nyengine.